Aliyemhurumia Adui, Nani Amjengee Mnara?

Basi la kwenda Arua likitoka katikati ya Kampala hupita Bwaise. Hujipenyeza kati ya bodaboda na mikokoteni, likashika njia ya Bombo, Luweero, Karuma na Pakwach mpaka West Nile. Sisi wanafunzi tuliopanga huku kwa sababu kodi ni nafuu na chuo hakiko mbali tunaivuka barabara hiyo asubuhi na jioni tukiwaza mtihani au mvua, maana Bwaise ikinyesha saa moja tu mfereji wa Nakamiro unafurika na viatu vinashikwa mkononi. Ni nadra kukumbuka kwamba lami hii ni njia ya majeshi. Aprili 1979 mabaki ya jeshi la Idi Amin yalirudi nyuma kuelekea kaskazini, na Watanzania wakayafuata na kuiteka Bombo. Kuanzia 1981 mpaka 1986 vita vya Luweero vilipiganwa kulia na kushoto kwa barabara hiyohiyo.

Nchi yetu haina uhaba wa kumbukumbu za vita. Luweero kuna makaburi ya pamoja. Mukura wanakumbukwa watu 69 waliokosa hewa ndani ya behewa la treni tarehe 11 Julai 1989 baada ya askari kuwafungia humo. Barlonyo, karibu na Lira, wanakumbukwa waliouawa kambini tarehe 21 Februari 2004. Ombaci, nje kidogo ya Arua, wanakumbukwa waliouawa kwenye misheni tarehe 24 Juni 1981. Na kila tarehe 9 Juni taifa zima hupumzika kwa Siku ya Mashujaa, siku aliyouawa Edidian Luttamaguzi mwaka 1981 kwa kukataa kuwataja wapiganaji wa msituni walikojificha. Waliouawa wana mawe yao, na walioshinda wana sikukuu zao. Lakini yule aliyekuwa na bunduki mkononi, adui amelala mbele yake, halafu akaishusha, huyo hana hata kibao cha bati.

Je, anastahili kuwa nacho? Na kama anastahili, ni nani mwenye haki ya kukisimamisha? Nimeona maswali haya mawili huulizwa kama swali moja, na naamini ndipo tunapopotea.

Wapo waliokwisha kumjengea. Katika rasi ya Gallipoli, Uturuki, imesimama sanamu ya askari wa Kituruki aliyembeba mikononi ofisa wa upande wa adui aliyejeruhiwa. Kisa chake husimuliwa hivi: Aprili 1915 ofisa wa Kiingereza alianguka kati ya mahandaki ya pande mbili, akawa analia kwa maumivu na hakuna aliyethubutu kumfuata. Kutoka handaki la Waturuki kikainuliwa kitambaa cheupe. Akatoka askari asiye na silaha, akambeba majeruhi, akamlaza kwa wenzake, akarudi zake. Msimulizi anayetajwa ni Richard Casey, ambaye baadaye alikuwa Gavana Mkuu wa Australia.

Kisa kitamu, na anayebeba ni Mwislamu, kwa hiyo sisi tunakipenda maradufu. Ila tuliopita kwenye darasa la elimu ya hadithi, hata tuliosinzia, tumefundishwa kuuliza isnadi iko wapi. Wanahistoria waliopekua shajara ya Casey ya siku zile hawakukikuta. Wakati huohuo lipo tukio la Gallipoli ambalo pande zote mbili zinalishuhudia: tarehe 24 Mei 1915 majeshi hayo yalisimamisha vita kwa saa kadhaa ili yazike maiti zilizokuwa zikioza kati ya mahandaki. Watu waliokuwa wakiwindana jana yake wakachimba makaburi bega kwa bega na kupeana sigara. Habari hiyo iliyothibiti haina umaarufu wa ile sanamu. Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya isnadi: anayesifiwa pale ni Mturuki, na waliojenga ni Waturuki.

Turudi kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, likaua raia, likapora ng'ombe, na mwanzoni mwa Novemba likalivunja daraja la Kyaka. Watanzania walipovuka mpaka Januari 1979 walikuwa wamekwisha kuona vijiji vilivyoachwa. Mutukula ulibomolewa kwa matingatinga, na raia wakauawa. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, alitoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. Hata hivyo Masaka na Mbarara zilipotekwa mwishoni mwa Februari, majengo yake yalilipuliwa kulipa kisasi cha Kagera. Kampala ilianguka Aprili 10 na 11. Kisha jeshi hilohilo likapanda kaskazini mpaka West Nile, nyumbani kwa Amin, mahali ambapo kila mtu alitegemea damu imwagike kuliko kwingine kote. Wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Zaire na Sudan. Damu iliyotarajiwa haikumwagika. Watu wa huko, na watafiti walioandika habari zao, wanawakumbuka askari wa Tanzania kwa nidhamu yao. Kisasi kilikuja baadaye, Watanzania walipoondoka, na kilifanywa na askari wa Uganda yenyewe. Kumbukumbu ya Ombaci inatokana na kisasi hicho.

Kwa hiyo tuna jeshi moja, katika mwaka mmoja, lenye Mutukula mwanzoni na Arua mwishoni. Ukisimulia Arua peke yake unapiga chapuo la jeshi. Ukisimulia Mutukula peke yake unawanyima watu wa Arua haki ya kusema walichokiona.

Najua katika halaka zetu hili halizungumzwi hivi. Wapo ndugu wanaosema vita vya 1979 vilikuwa vita dhidi ya Uislamu, na ushahidi wao si wa kubuni. Muammar Gaddafi alimtumia Amin askari wa Libya. Juni 1979, baada ya Amin kuanguka, Waislamu wa Bushenyi waliuawa na majirani zao kwa sababu tu walikuwa wa dini moja na rais aliyekimbia. Wazee wetu walilipia dhambi ambazo hawakuzitenda, na asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini baadhi yao mpaka leo hushusha sauti wakizungumzia mwaka huo. Lakini mkuu wa majeshi ya Tanzania wakati ule aliitwa Abdallah Twalipo. Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe wa Zanzibar. Katika vikosi vilivyopanda barabara hii walikuwamo vijana wa Tanga, Kilwa na Unguja waliosoma Fatiha ileile waliyoisoma wengi katika jeshi la Amin. Sura ya Al-Hujurat inalizungumzia kundi la waumini linalopigana na kundi jingine la waumini, na haiwaondolei jina la imani hata pale wanapopigana. Tukisema ilikuwa vita ya Uislamu na ukafiri, tumewafuta nusu ya Waislamu waliokuwamo.

Tena walikuwa na lugha moja. Hili hapa Kampala lina uchungu wake. Serikali iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kwa mzee wa Buganda Kiswahili bado ndiyo lugha iliyomwambia lala chini, toa pesa. Ilikuwa lugha ya jeshi la Amin. Pia ilikuwa lugha ya jeshi lililomng'oa. Tuseme kijana wa Yumbe, askari wa Amin, amejificha ndani ya shamba la mihogo ng'ambo ya Bombo. Amevua gwanda, ametupa bunduki. Anakutwa na askari wa Tanga. Kijana anasema, "Ndugu, nisamehe, nina mama." Katika vita vingi kilio cha adui ni kelele tu, na kelele haiitaki dhamiri ijibu. Hapa askari ameelewa kila neno, hata lile la mama. Akiua, ameua aliyemwita ndugu kwa lugha ya nyumbani kwao. Akiacha, ameacha akijua anachokiacha.

Sasa atatokea mtu wa fiqhi na kusema: hapo hakuna cha kusifiwa. Aliyetupa silaha hauawi. Abu Bakr (R.A.) alipolituma jeshi kuelekea Sham aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, lisikate mti wenye matunda. Kutomuua asiyepaswa kuuawa ni wajibu, na wajibu haujengewi mnara. Mbona hatumjengei mnara mtu kwa kutoiba?

Ni hoja nzuri na sitaki kuikwepa. Lakini swala ya alfajiri ni faradhi kwa anayelala kitanda laini na kwa mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, na hakuna anayedai uzito wake ni mmoja. Askari wa Tanga alipita Kyaka. Aliona. Wenzake wengine walikwisha kulipa kisasi, na hakuna aliyewafanya kitu. Msituni hakuna shahidi, na kesho yake hakuna atakayeuliza. Wajibu unaotimizwa mahali ambapo kuuvunja ni rahisi, ni kutamu, na kutasamehewa na kila mtu isipokuwa Mwenyezi Mungu, huo si sawa na kutoiba mbele ya polisi. Hatusifu hukumu yenyewe. Tunasifu bei aliyoilipa.

Kuna anayekuja kwa mlango mwingine na kuuliza juu ya nia. Kampala ilipozingirwa, Nyerere aliamua barabara ya Jinja iachwe wazi ili Walibya watoke, na akampelekea Gaddafi ujumbe wa kumweleza hivyo. Wengi walitoka hai. Walibya wengine mamia walikuwa wamekwisha kufa Lukaya na Entebbe. Je, ile barabara iliyoachwa wazi ilikuwa huruma au siasa? Siasa ilikuwamo waziwazi: hakutaka Libya iaibishwe zaidi, wala vita ionekane ya Waafrika na Waarabu. Kijana wa Tripoli aliyefika Jinja akiwa mzima hakuwa na haja ya kuuliza nia, na mama yake hata kidogo. Mimi naona uamuzi huo ni wa hekima na unastahili kurasa katika vitabu vya historia. Mnara ni habari nyingine. Rais anayeachilia jeshi akiwa kwenye simu anapima faida na hasara za nchi. Askari aliye hatua tatu kutoka kwa adui hana faida ya kupima, na wakati mwingine anajitafutia hasara.

Hoja iliyo nzito kuliko zote inatoka kwenye Qur'ani yenyewe. Sura ya Al-Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka chakula ambacho wao wenyewe wanakipenda. Mateka, ndugu msomaji, ni askari wa adui. Aya inayofuata inaeleza hali ya nyoyo zao: wanalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hawataki malipo wala shukrani. Basi ukimjengea mtu huyo mnara, si unampa kile alichokikataa? Au vibaya zaidi, si unawafundisha wanaomfuata wahurumie ili wachongwe?

Nilikaa na swali hili muda mrefu, na lililonisaidia ni kisa cha Badr ambacho wengi tunakijua bila kukizingatia. Miongoni mwa mateka wa Maquraishi alikuwamo Abu Aziz bin Umayr, ndugu wa Mus'ab bin Umayr ambaye alikuwa upande wa Waislamu. Mtume (S.A.W.) aliwausia masahaba wawatendee mateka wema. Abu Aziz alikuwa mikononi mwa Maansari, na kila walipokula walimpa yeye mkate, wao wakala tende. Mkate Madina ulikuwa wa thamani. Akiona haya akiwarudishia, humrudishia tena bila kuugusa. (Si kwamba nyoyo zilikuwa laini kupita kiasi: Mus'ab alimpita nduguye akifungwa na akamwambia Mwansari aikaze kamba, maana mama yake ni tajiri na atatoa fidia nono.)

Tazama sasa habari hii imetufikia kwa njia gani. Msimulizi wake ni Abu Aziz mwenyewe. Mwansari aliyetoa mkate hakusimulia, na katika simulizi hata jina lake halimo. Yeye alitimiza ile aya: hakutaka shukrani, akanyamaza. Lakini mateka hakuwa na ruhusa ya kunyamaza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Kutotaka shukrani ni wajibu wa anayetoa, na kushukuru ni wajibu wa anayepokea, na hakuna mgongano kati ya viwili hivyo mpaka aliyetoa anapoanza kujisimulia mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, anastahili. Kwa swali la pili ninasema: si jeshi lake, si serikali yake, si kabila lake. Isnadi ya huruma huanzia kwa aliyehurumiwa. Tanzania imewazika askari wake wa vita hivyo Kaboya, wilayani Muleba, na ni haki yake kuwalilia na kuwaita mashujaa. Lakini Tanzania ikijenga Dodoma sanamu ya askari wake akimwinua Mganda, itakuwa imefanya kama Gallipoli, na mtu wa Mutukula atakuwa na haki ya kuitemea mate. Mwenye haki ya kusema "huyu alinihurumia" ni mtu wa Arua, wa Koboko, wa Bombo, mtoto wa askari wa Amin aliyerudi nyumbani kwa miguu yake akaoa na kuzaa. Wengi wa hao ni Waislamu. Baadhi yao ni wazazi na babu zetu sisi tunaosoma gazeti hili.

Na hapa pana ugumu ambao siwezi kuuondoa. Mtoto wa aliyeuawa Mutukula na mtoto wa aliyeachwa hai West Nile wanaweza kukaa benchi moja katika ukumbi wa mihadhara. Shukrani ya mmoja itamchoma mwenzake. Nimesikia ikisemwa kwamba kwa sababu hiyo ni afadhali tunyamaze. Sikubali, kwa kuwa ukimya hauwalindi waliouawa. Unamlinda aliyeua, maana bila aliyeacha kuua yeye anaweza kudai kwamba vita ndivyo vilivyo na hakuna aliyekuwa na hiari. Askari aliyeshusha bunduki Arua ni shahidi wa mashtaka dhidi ya yule wa Mutukula: jeshi lilelile, hasira ileile, na bado iliwezekana. Ndiyo maana ningetaka majina ya sehemu hizo mbili yaandikwe pamoja, popote yatakapoandikwa.

Popote hapo pasiwe sanamu. Sitafungua mjadala wa masanamu na picha, tumeufanya vya kutosha na haujamalizika. Sisi tuna desturi yetu ya wakfu, na inatosha: bomba la maji lenye maandishi mafupi ukutani. Bwaise hatukosi maji, yanatuingilia mpaka chini ya vitanda, tunakosa maji safi. Bomba lililowekwa wakfu na vizazi vya waliohurumiwa 1979, pembeni mwa barabara ya Bombo, lingemnywesha Mganda, Mnubi, Mluguru anayepita na mtoto wa askari wa upande wowote, bila kumtaka mtu apige saluti.

Kabla ya bomba, lakini, kuna kazi ya isnadi, na kazi hiyo ina muda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa anakaribia 70. Wenzetu wa Yumbe, Koboko na Arua watakaokwenda nyumbani likizo hii wana nafasi ambayo wanafunzi watakaotufuata hawatakuwa nayo. Wawaulize wazee, kwa adabu na kwa subira, baada ya Isha wakati nyumba imetulia: ulikuwa wapi, mwezi gani, askari alisema nini, kwa lugha gani, nani mwingine alikuwapo. Usimwongoze mzee kwenye jibu unalolitaka. Ukisikia kwamba fulani alisikia kwa fulani, andika hivyohivyo, na utofautishe na anayesema nilikuwapo. Wa Masaka na Mutukula waulize kwao pia. Na mzee akijibu kwamba kwao hakuhurumiwa mtu, hilo liandikwe kama alivyolitamka, pamoja na jina la mahali.